Nailoni, chuma au umeme: gitaa lipi lina mlio unaoutafuta?

Mpwa wangu alinipigia simu akiwa ndani ya duka la ala za muziki katikati ya jiji. "Mjomba, hapa wamenitolea magitaa matatu na bei zake zinakaribiana. Muuzaji anasema nianze na hili la nailoni kwa sababu ni la wanafunzi, nikishajua nitabadilisha. Nilipe?"

Nikamwambia asilipe. Apande matatu aje nyumbani kwanza.

Lililonishtua ni hilo neno, "la wanafunzi". Nimelisikia hapa Nairobi tangu nianze kushika gitaa, na limewapotosha wengi. Gitaa la nailoni si ngazi ya kupandia gitaa la chuma, wala la chuma si ngazi ya kufikia la umeme. Ni ala tatu zinazofanana sura kama watoto wa mama mmoja, lakini kila moja ina sauti yake na kazi yake. Mtu ambaye moyo wake uko kwenye benga, ule muziki wa magitaa wa Kenya, akinunua la nailoni, atafanya mazoezi wiki mbili tatu, hatausikia ule muziki anaoupenda ukitoka pale, na mwishowe gitaa litatundikwa ukutani lishike vumbi. Atasema hana kipaji. Kumbe kipaji anacho, ila alishika ala isiyo yake.

Alipofika nilimketisha akitazama dirishani, mgongo akanipa mimi. Nikachukua magitaa yangu moja baada ya jingine, nikapiga kitu kilekile kwenye kila moja: kwanza uzi wa tatu peke yake, nikauacha ulie mpaka unyamaze, kisha kodi ya G, yaani noti zake zote kwa mpigo mmoja, kisha kipande kifupi cha vidole. Hakujua nimeshika lipi. Kazi yake ilikuwa kuniambia amesikia nini.

Nailoni

"Hili ni kama mtu anayeongea karibu na sikio," alisema juu ya la kwanza. Hakukosea hata kidogo.

Nyuzi za nailoni ni laini na hazivutwi kwa nguvu nyingi. Zote sita kwa pamoja zinavuta shingo na daraja, kile kipande cha chini zinakoshikwa, kwa kama kilo 40 hivi. Kwa sababu hiyo ubao wa mbele, ambao mimi huuita kifua, unaweza kuchongwa mwembamba na kushikiliwa kwa ndani na vijiti vyepesi vilivyotandazwa kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa. Aliyeupa mpangilio huo sura tunayoijua ni fundi wa Hispania, Antonio de Torres, katika karne ya 19, na urefu wa nyuzi aliouzoeza, milimita 650, ndio unaopimwa mpaka leo kwenye magitaa mengi ya klasiki. Enzi zake nyuzi zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Nailoni iliingia miaka ya 1940, pale Albert Augustine, fundi wa New York, alipozitengeneza akishirikiana na mpigaji mkubwa Andrés Segovia.

Noti ya nailoni huchomoza kwa upole. Haina ule mkwaruzo wa chuma mwanzoni. Inakuja ikiwa mviringo, inajaa, halafu inafifia mapema. Ukiupiga uzi karibu na tundu la sauti unapata utamu kama wa asali. Ukisogeza mkono karibu na daraja unapata ukali kidogo, kama mtu aliyebana pua. Mpigaji mzuri anatumia tofauti hiyo kama mwimbaji anavyotumia koo, na anatumia kucha zake, si piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kucharazia.

Ni kweli kwamba nailoni haiumizi vidole sana, na ndiyo maana watu wanasema ni ya kuanzia. Wanachosahau kusema ni shingo. Pale juu nyuzi zinapopita kwenye kile kipande cha mfupa, shingo ya gitaa la klasiki ina upana wa milimita 52 hivi, wakati ya gitaa la chuma ni 43 au 44. Hiyo ni karibu sentimita nzima. Kwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye vidole vifupi, kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita kwenye shingo hiyo ni kazi ngumu kuliko maumivu ya chuma. Mtoto wa umri huo mtafutie gitaa dogo, robo tatu ya ukubwa wa kawaida, badala ya kumpa la mtu mzima ukidhani nailoni itamhurumia.

Likufae wewe kama unapenda muziki wa klasiki, bosanova, au kuimba polepole chumbani na gitaa likikusindikiza chini ya sauti. Likufae pia kama unalenga mitihani ya gitaa ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, ambayo imejengwa juu ya muziki wa klasiki. Lakini ukilipeleka kwenye kwaya ya watu thelathini na ngoma na kayamba, halitasikika. Na ukilicharaza kwa piki, nyuzi zinapiga kofi tu, hazitoi ile nguvu uliyoitarajia.

Niseme na kosa ambalo nililifanya nikiwa kijana, kwa sababu bado naona watu wakilirudia. Uzi wangu wa nailoni ulikatika, nikaenda kwenye duka moja mjini, muuzaji akanipa seti ya chuma: "Nyuzi ni nyuzi tu." Nikazifunga. Siku mbili za mwanzo nilifurahi, gitaa lilikuwa linapaza sauti kuliko zamani. Wiki ya pili nikaona nyuzi zimeinuka juu ya shingo. Nikachukua karatasi ya daftari, nikaisukuma chini ya daraja kwa upande wa nyuma, ikaingia. Ilipaswa kugota kwenye gundi. Ikaingia mpaka nusu ya kucha yangu. Usiku mmoja, wote tumelala, tukasikia mlipuko kama wa chupa. Daraja lilikuwa limeng'oka na kipande cha kifua, kimechanika kwa kufuata nyuzi za mbao. Kifua kilichojengwa kwa kilo 40 kilikuwa kimebebeshwa zaidi ya 70. Gundi haikuwa na kosa lolote.

Chuma, au gitaa kavu

La pili nilipopiga kodi ya G alinyanyua kichwa. "Hili ni kama mvua inapoanza kwenye mabati."

Nikapiga kile kipande cha vidole, kidole gumba kikitembea kwenye besi na cha shahada kikidonoa juu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, hili ndilo la babu."

Marehemu baba alipiga hivyo, vidole viwili tu, jioni, mbele ya nyumba, kule Magharibi mwa Kenya. Mtindo wenyewe tunauita omutibo, na jina linalotajwa kwanza ukiutaja ni la George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Gumba linashika besi na mapigo bila kuchoka, cha shahada kinaimba wimbo wenyewe, na pembeni yuko mtu anayegonga chupa ya Fanta kwa kijiti cha chuma. Kabla ya hapo redio na sahani za santuri zilikuwa zimeleta hapa vidole vya Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili cha kwao. Gitaa moja, mtu mmoja, na ungeapa kuna watu watatu.

Muziki ule unadai chuma. Noti ya chuma huanza kwa ncha kali, inang'aa, na inakaa hewani muda mrefu, hivyo besi ya gumba haijanyamaza kabla noti ya juu haijafika. Kwenye nailoni kipande kilekile hubaki na mapengo. Nilimpigia mpwa wangu mara mbili, mara kwenye nailoni, mara kwenye chuma, naye akasema la nailoni "linasahau". Sijapata neno bora kuliko hilo.

Ili kuhimili mvuto ule wa zaidi ya kilo 70, gitaa la chuma hujengwa kwa namna nyingine kabisa. Ndani ya kifua mihimili miwili imepishana kama herufi X, mpango uliojulikana zaidi kupitia C. F. Martin na kampuni yake, iliyoanza New York mwaka 1833. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayoweza kukazwa au kulegezwa ili shingo isipinde. Nyuzi hushikwa na vipini kwenye daraja, hazifungwi fundo kama za nailoni.

Kinachowachanganya wanunuzi ni ukubwa wa mwili, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Lile kubwa lenye mabega mapana na kiuno kisichobanwa sana huitwa dreadnought. Martin walilitengeneza mara ya kwanza mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Ditson, wakalipa jina la manowari ya Uingereza. Upana wake chini ni kama sentimita 40. Besi yake ni nzito, sauti yake ni pana, na ukilicharaza kwa piki linaweza kusimamia sifa kanisani bila kipaza sauti kama ukumbi ni mdogo. Ndilo utakaloonyeshwa kwanza karibu kila duka, na wengi wanadhani ndilo umbo pekee lililopo.

Lakini lipo lenye mwili mdogo zaidi, kiuno kimebanwa, ambalo watengenezaji wengi huliandika 000 au OM. Besi yake haingurumi vile, ila noti zake zinatengana vizuri. Unaposhughulika na vidole, kila uzi unausikia peke yake. Kwenye dreadnought besi huwafunika wadogo zake. Lipo pia dogo kabisa, la sebuleni, ambalo sauti yake imejikusanya katikati kama ya mtu anayeimba kifuani. Na lipo jumbo, pana kama sentimita 43, kwa wanaocharaza tu na wanaotaka kujaza ukumbi. Kwa omutibo, kwa mtindo wa Mwenda, kwa mtu anayeimba na kudonoa, mimi nitakuambia mwili mdogo bila kusita. Hata kwenye matatu utanishukuru, maana dreadnought ndani ya mfuko wake inataka kiti chake.

Lile la nyuzi 12 nalo ni la chuma: nyuzi nne za chini zimeongezewa wenzake wa oktava ya juu, mbili za juu zimerudufiwa vilevile. Linameremeta kama kwaya ndogo. Ni zuri kulisikia, ni taabu kulityuni, na si la kununua kama gitaa lako la pekee.

Kuhusu mbao. Kifua cha sprusi kinatoa sauti angavu inayovumilia kupigwa kwa nguvu. Cha sida hujibu upesi kwa mguso mwepesi na kina joto zaidi. Cha mahogani kinakausha besi na kuleta mbele sauti za kati. Tofauti hizo zipo na zinasikika, lakini kwa gitaa la bei ya chini swali kubwa zaidi ni moja: je, kifua ni ubao mzima au plaiwudi? Tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikiendelea kutoka juu na kushuka unene wote, ni ubao mzima. Ukiona tabaka kama za mkate, ni plaiwudi. Ubao mzima unatetemeka kwa uhuru na mlio wake hukomaa kadiri unavyopigwa. Plaiwudi ina sauti iliyofungika, lakini ni ngumu na haijali hali ya hewa.

Na hali ya hewa ya Nairobi si ya kudharauliwa. Januari na Februari hewa hukauka, mbao zinapungua, kifua kinashuka na nyuzi zinaanza kukwaruza kwenye fureti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Masika ya Machi hadi Mei yanarudisha unyevu, kifua kinavimba, nyuzi zinainuka na vidole vinalalamika. Anayesafiri na gitaa la ubao mzima kwenda Mombasa atayaona hayo ndani ya siku chache. Liweke ndani ya mfuko au sanduku lake ukimaliza, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na kamwe usiliache ndani ya gari lililofungwa mchana.

Lile la kuchomeka

Kuna gitaa kavu lililowekewa pikapu, yaani kifaa cha kunasa mlio, chini ya daraja, pamoja na betri ya volti 9 na vitufe vya kurekebisha sauti ubavuni. Kanisani na kwenye hafla ndilo linalotawala. Tahadhari yangu ni moja: sauti unayoisikia likiwa halijachomekwa si ile itakayotoka kwenye spika. Pikapu hiyo husikia mkandamizo wa nyuzi kwenye daraja, haisikii hewa inayotoka kwenye tundu, kwa hiyo mlio wake mara nyingi ni mkavu na mkali, kama kugonga kikombe cha plastiki. Zilizo nzuri zipo. Omba uchomekewe hapo dukani, ulisikilize hivyo pia, kisha upunguze sauti za juu kidogo uone kama joto linarudi. Na betri yake hutumika kila waya unapokuwa umechomekwa, hata kama hupigi. Chomoa.

Umeme

La tatu nililipiga kwanza bila kulichomeka. "Hilo halina kitu," alisema, "ni kama mbu." Nikawasha amplifaya, nikapiga tena uzi uleule. Akageuka ingawa nilimkataza.

Gitaa la umeme halihitaji tundu kwa sababu mwili wake si mdomo. Chini ya nyuzi pamewekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya, na amplifaya inaukuza. Nailoni hapo haitasikika kamwe, kwa kuwa sumaku haiijui. Nyuzi zenyewe ni nyembamba: ule wa kwanza una unene wa milimita 0.25 hivi, wa gitaa kavu 0.30. Unaweza kuuvuta kando kwa kidole kimoja mpaka noti ipande. Kwa hiyo kama hoja ni maumivu ya vidole, la umeme ndilo jepesi kuliko yote ya chuma, na bado hakuna anayeliita la wanafunzi.

Pikapu ndizo zinazoamua mlio. Za koili moja, yaani fungu moja la waya uliozungushwa, kama kwenye Telecaster ya Leo Fender iliyoanza kuuzwa mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster, au Stratocaster ya 1954, zina sauti safi, nyembamba, yenye ukali unaopendeza, kama kijiko kikigonga glasi. Kasoro yake ni kwamba zinadaka pia mvumo wa umeme wa nyumba, ile nguruma ya hezi 50 unayoisikia ukisogea karibu na transfoma au taa za mirija. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume ili kelele zikutane na kufutana. Zilinyamazisha mvumo, lakini zilibadilisha na mlio: ukawa mnene, mzito, wa kukaa muda mrefu. Ndio mlio wa Les Paul, gitaa la Gibson lililotoka mwaka 1952 na kupewa pikapu hizo baadaye muongo huohuo. Ni zito pia mabegani, kilo nne na ushee.

Sasa msikilize D. O. Misiani na Shirati Jazz yake. Gitaa la solo katika benga limerithi kazi ya nyatiti, ala yenye nyuzi nane ya Wajaluo: noti fupi, kavu, zinazorudiwa na kujibu sauti ya mwimbaji, na uimbaji ukishakoma gitaa ndilo linalochukua uwanja na kukimbia. Mlio huo unataka uwazi. Unataka kila noti ikatwe kama kwa wembe. Pikapu ya koili moja, ile iliyo karibu na daraja, amplifaya safi isiyochafuliwa, ndiyo njia fupi ya kufika hapo. Vilevile kwa rumba ya Nairobi. Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa hapa mwaka 1978, hawakuhitaji kelele. Solo, ridhimu na besi vilisukana kama mkeka, na ungeweza kufuata uzi wowote kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukipiga ridhimu ile kwa pikapu nene na sauti iliyochafuliwa, mkeka unakuwa matope. Koili mbili mpelekee mpenzi wa roki, wa bluzi nzito, au wa jazi ya sauti ya chini iliyotiwa giza kidogo.

Kati ya hayo yapo yenye mwili wenye uwazi ndani, mfano maarufu ukiwa Gibson ES-335 ya 1958, yenye gogo katikati na mapafu mawili pembeni. Yana hewa kidogo ya gitaa kavu juu ya sauti ya umeme. Ukisimama karibu sana na spika yanaanza kupiga mbinja, kwa hiyo jifunze kusimama.

Usinunue gitaa la umeme bila kuhesabu amplifaya, kwa sababu hiyo ni nusu ya ala. Gitaa la wastani kwenye amplifaya nzuri litakupendeza kuliko gitaa la fahari kwenye spika ya kukwaruza. Na ukiletewa amplifaya na ndugu kutoka Marekani, geuza mgongo wake usome kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa volti 120, umeme wetu wa 240 utaiunguza papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha.

Wanaokaa kwenye nyumba za kupanga zilizobanana, ukuta mmoja mnagawana na jirani mwenye mtoto mchanga, wasiliogope la umeme. Bila kuchomekwa halisikiki hata chumba cha pili, na kwa vipokea sauti vya masikioni unaweza kufanya mazoezi saa sita usiku. Gitaa la chuma saa hiyo litakuletea mwenye nyumba mlangoni. Ila stima ikipotea, la umeme linarudi kuwa mbu, na la kavu ndilo linalobaki na watu.

Besi

Hili mpwa wangu alilitambua kwa kifua kabla ya masikio. Nyuzi nne, kila moja ikiwa oktava nzima chini ya nyuzi nne za chini za gitaa la kawaida. Ule mnene kabisa unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, wakati wa gitaa la kawaida ni 82. Fender waliuza Precision Bass mwaka 1951, na urefu wa nyuzi zake, milimita 864, ndio uliozoeleka. Unahitaji mkono mrefu na amplifaya yenye spika kubwa, kwa kuwa spika ndogo hazina uwezo wa kusukuma mawimbi hayo. Wengi huliona kama kazi ya aliyeshindwa solo. Hawajasikiliza benga. Pale besi haikai nyuma. Inatembea, inaruka, inabishana na solo. Kama unapokuwa kwenye sherehe ni mguu wako unaoitika kabla ya kichwa, huenda hili ndilo lako, na katika kila kwaya niliyopigia, mpiga besi alikuwa akitafutwa kuliko sisi wengine.

Ukifika dukani

Jumatatu nilimsindikiza. Aliniuliza nje ya mlango atazame nini, nami nikamwambia afumbe macho kwanza, muuzaji apige, yeye asikilize noti inavyokufa. Inazimika ghafla au inaondoka polepole? Kisha afumbue, aweke jicho kichwani mwa gitaa na kutazama kando ya shingo kama anayepima ubao. Uzi wa sita ukiwa umelala huru, bila kubonyezwa, apime kwenye fureti ya 12, ile pale kati ya safari: nafasi kati ya uzi na chuma cha fureti kwenye gitaa la nyuzi za chuma isizidi sana milimita mbili na nusu. Kwenye la nailoni unaweza kufika nne. Kisha apige fureti moja moja kwenye kila uzi mpaka mwisho, asikilize ipi inakwaruza. Inachukua dakika tano. Muuzaji asiyekupa dakika tano hizo, toka.

Walituonyesha tena lile la nailoni. Lilikuwa gitaa zuri, sikulisema vibaya. Wakatuonyesha dreadnought nyeusi inayong'aa, naye akaishika, akaiona nafsi yake kwenye kile kioo cha rangi, nikadhani tumepotezana. Akairudisha. Akaomba lile dogo la chuma lililokuwa limening'inia pembeni, kifua cha sprusi, halina pambo lolote. Akapiga uzi wa tatu peke yake, akausubiri mpaka mwisho.

Tulilipakata kwenye magoti mpaka nyumbani. Wiki iliyofuata alinitumia sauti kwenye simu: gumba likitafuta besi, likikosea, likirudi, na uzi wa pili ukikwaruza kila mara. Nikamjibu asogeze kidole karibu na fureti, nyuma yake kidogo tu, na asikilegeze mapema. Vidole vitauma kama wiki tatu hivi mpaka viote sugu, nikamwambia. Saa nne usiku akatuma nyingine. Uzi wa pili ulikuwa unalia.